Kabla Hujapiga Sururu: Mtoto wa Panga ya Saidi na Vifaa Vilivyomfikia

Tuanze na jina, maana kila nikitaja Panga ya Saidi kuna mtu ananiuliza Saidi alimkata nani. Hakumkata mtu, jamani. Kwa Kimijikenda panga ni pango. Hili ni pango la mawe ya chokaa kwenye vilima vya Dzitsoni, hapa hapa Kaunti ya Kilifi, kama kilomita 15 kutoka baharini. Ukitoka Malindi kuelekea Mombasa, vilima hivyo viko upande wako wa kulia, lakini wengi wetu kwenye matatu tuko bize na simu.

Mei 2021 watafiti walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba ndani ya pango hilo kulikuwa na kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa kama miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Wakampa jina: Mtoto. Yaani neno letu lile la kila siku, likasomwa na dunia nzima.

Nakumbuka zile siku. Kila mtu alikuwa anaposti mchoro uleule wa mtoto amejikunja, kichwa kimelazwa kama amesinzia. Watu wakaandika "pole mwanetu", wakaweka vikatuni vya machozi, kesho yake tukahamia kwenye mambo mengine.

Mimi nilibaki na swali moja la kijinga kidogo. Walimtoaje? Kwa sababu mfupa uliokaa kwenye ardhi ya joto na unyevu kwa miaka 78,000 si kama ule wa sinema, ambao mtu anaupangusa vumbi na kuuinua mkononi huku muziki unapigwa. Mifupa ya Mtoto ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Na kabla ya kuifikia kulikuwa na mita tatu hivi za udongo na mawe. Sasa wewe hapo juu una chuma mkononi, hujui chini kuna nini. Unachimbaje?

Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba historia ya mambo haya Afrika Mashariki karibu yote inaweza kusimuliwa kupitia kitu kilichokuwa mkononi mwa mchimbaji, na kupitia mkono wenyewe, ambao mara nyingi haukuandikwa jina. Ili tuielewe Kilifi inabidi tuteremke pwani hadi Lindi, kusini mwa Tanzania, zaidi ya miaka mia moja nyuma.

Karibu na Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, akiwa kwenye shughuli za kutafuta madini, alipata habari za mifupa mikubwa iliyolala pale chini. Vitabu vingi vinamwita "mgunduzi". Sawa, lakini mifupa ilikuwa imetokeza juu ya ardhi, mingine mikubwa kuliko mtu, na watu walikuwa wanaishi hapo. Usiniambie hakuna mtoto wa Kimwera aliyewahi kujikwaa juu yake.

Mwaka 1909 jumba la makumbusho la Berlin lilituma msafara, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Walichimba hadi 1913, mwishoni chini ya Hans Reck. Sikia mazingira ya kazi hiyo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha 1907, miaka miwili tu nyuma. Kusini yote ilikuwa na njaa, vijiji vimechomwa, watu wamekufa kwa maelfu. Halafu Mjerumani yuleyule anakuja, safari hii anataka vibarua wa kuchimba mifupa. Kuna kipindi walifika watu 500. Walikuwa na majembe, sururu, koleo, nyundo na tindo. Hakukuwa na mashine hata moja. Mwamba na udongo mgumu vilipigwa na kuondolewa kwa nguvu za mikono, shimo baada ya shimo.

Na kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi hakukuwa na gari wala mnyama wa kubeba, kwa sababu mbung'o wa sehemu zile walikuwa wanaua wanyama. Kwa hivyo mifupa ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kama nne, safari maelfu kwa maelfu. Jumla ya mzigo ulioenda Berlin ni takriban tani 225. Hebu lipigie hesabu lori la kokoto linalopita mtaani kwenu, halafu fikiria malori mangapi, halafu toa malori yote, weka shingo za watu.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni kidogo kuliko hizo tani. Mfupa mkubwa uliopasuka huwezi kuubeba hivihivi, utafika vipande. Njia ya kawaida ilikuwa kuufunika na plasta, ileile nyeupe ya hospitali ya mtu aliyevunjika mkono. Unaweka karatasi iliyoloweshwa juu ya mfupa ili plasta isishike, unatandaza vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, unasubiri ikauke, unaupindua mzigo, unafanya upande wa pili. Sasa kule Tendaguru plasta ilitoka mbali na haikutosha. Ikabidi watumie mianzi na udongo. Mianzi ilizungushiwa mfupa, ikafungwa, ikakandikwa. Mtu wa pwani akiona picha za mizigo ile anajua mara moja anachokitazama: ni ukuta wa nyumba ya udongo, umeviringishwa. Sina barua ya mtu inayosema wazo lilitoka kwa nani, lakini mikono iliyojua kufunga fito na kukandika haikutoka Berlin.

Jina moja la wale wachimbaji linajulikana vizuri, Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi na fundi wa kuitoa mifupa kwenye mwamba. Mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wa kwanza kuheshimiwa alikuwa nani? Yule mkubwa wao, mwenye shingo ndefu, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 na ambaye leo ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, alikuwa amepewa jina la profesa wa Berlin tangu 1914. Leo anaitwa Giraffatitan brancai. Watanzania wanamwita tu mjusi wa Tendaguru, na kila baada ya miaka michache bungeni mtu anauliza atarudi lini.

Kwa nini namsimulia mjusi wa Lindi kwenye posti ya mtoto wa Kilifi? Kwa sababu ya Mwingereza mmoja mzaliwa wa Kabete aliyeumia kichwa akicheza raga.

Louis Leakey alikuwa mwanafunzi wa Cambridge. Aligongwa kwenye raga, akaambiwa apumzike masomo, na mwaka 1924 akapata kazi ya kwenda Tendaguru na msafara mpya, safari hii wa Waingereza, chini ya William Cutler. Cutler alikuwa mtaalamu wa kuchimba dinosaria. Alimfundisha kijana yule kutoa mfupa ardhini na kuufunga plasta. Mwaka uliofuata Cutler alikufa kwa malaria kule Lindi. Leakey akarudi na ujuzi ule Kenya, akawa Leakey tunayemjua, na plasta ya Tendaguru ikaingia kwenye kazi ya mifupa ya binadamu wa kale.

Hapo katikati kuna mengi nayaruka, yako kwenye vitabu vya shule. Ila tazama kinachotokea kwa vifaa. Olduvai, mwaka 1959, Mary Leakey anaona fuvu limetokeza kwenye mteremko. Kinachotumika kulitoa ni brashi na sindano za daktari wa meno. Mwaka unaofuata kijana wa Ukambani anaanza kazi kwao, Kamoya Kimeu. Mwaka 1984 kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya anaona kipande kidogo cha fuvu kwenye changarawe, rangi karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Kutoka kwenye kipande hicho kikapatikana karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hapo kifaa cha kwanza kilikuwa jicho. Sururu na koleo vilikuja baadaye, vikaenda pale jicho lilipoelekeza.

Na maabara nako kukabadilika. Ikaja patasi ndogo inayoendeshwa kwa hewa, ncha yake nyembamba kama kalamu, inatetemeka na kumega mwamba punje kwa punje. Ikaja siki. Ndiyo, siki, au tuseme tindikali iliyo ndani ya siki. Ukiuweka mwamba wa chokaa wenye mfupa ndani yake kwenye tindikali hiyo ikiwa imepunguzwa makali, chokaa inayeyuka polepole na mfupa unabaki. Inachukua muda mrefu, unatoa, unaosha, unapaka gundi kwenye sehemu iliyojitokeza, unarudisha. Ndani ya miaka mia moja, watu walihama kutoka kuupiga mwamba hadi kuubembeleza.

Sasa turudi nyumbani.

Uchimbaji wa Panga ya Saidi ulianza 2010, kazi ya pamoja ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na watafiti wa kigeni, wakiwemo wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani. Pango lenyewe halikuwa limeachwa na watu. Hadi leo lina heshima yake, watu wanaenda kwa ibada na tambiko. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwa na kitu cha kuchimba. Mahali penye heshima hapaendi mtu na lori kuchota mchanga usiku.

Kifaa kikuu cha mchimbaji wa mambo ya kale, ukitaka kujua, ni mwiko. Si wa kusongea sima, ule wa fundi mwashi. Waingereza walichukua mwiko mdogo wa kupakia saruji kati ya tofali, wakaufanya chombo cha akiolojia. Hauchimbui. Unakwangua, milimita chache kwa wakati, halafu udongo wote unaingia kwenye ndoo yenye namba na kupita kwenye chekeche. Ukikwangua vizuri unaanza kuona rangi. Ukipiga sururu hapo huoni rangi, unaona shimo.

Na rangi ndiyo iliyomtoa Mtoto. Mwaka 2013 vilionekana vipande vidogo vya mfupa. Mwaka 2017, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango, likaonekana shimo dogo la duara, udongo wake tofauti na udongo uliolizunguka, na ndani yake rundo la mifupa iliyooza vibaya sana. Kumbuka hapo hakuna aliyejua ni mtu. Ingeweza kuwa digidigi.

Hapa ndipo mtu mwenye haraka angeharibu. Una kibali cha siku fulani, una pesa za mradi zinaisha, una mifupa inayomomonyoka ukiipumulia. Wakaamua kutoendelea kuchimba. Wakaimarisha mifupa, wakachimba pembeni yake, wakalifunga bonge zima la udongo kwa plasta, kama Lindi, kama Leakey na Cutler, wakalibeba hivyo hivyo hadi Nairobi. Udongo na vyote vilivyomo. Kwa hivyo Mtoto alitoka pangoni akiwa bado amezikwa.

Huko maabara wakaanza kulifungua polepole, yakatokea meno mawili. Meno ya mtoto wa binadamu. Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ni mmoja wa Wakenya walioongoza kazi hii kutoka upande wetu, na bonge likasafirishwa hadi Burgos, Hispania, kwenye kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu kinachoongozwa na María Martinón-Torres. Kule, pamoja na kukwangua chini ya hadubini, wakatumia skana ya eksirei inayopiga picha za ndani bila kukata kitu. Mfupa ambao mkono hauwezi kuushika, kompyuta inaushika.

Na sasa sehemu ninayoipenda, kwa sababu hapa mifupa inaongea, na inaongea kwa sababu haikusogezwa.

Meno kwanza. Ndani ya taya kulikuwa na meno ya utotoni na chini yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga. Meno hukua kwa ratiba, ndiyo maana umri ukajulikana: miaka miwili na nusu hadi mitatu. Umbo la meno likaonyesha ni wa aina yetu, Homo sapiens.

Kisha uti wa mgongo. Pingili zilikuwa bado zimepangana. Mbavu zilikuwa bado na mpindo wake, hazikulala bapa. Fikiria mwili ulioachwa wazi pangoni: fisi anaburuta mguu, mvua inasukuma mkono, mbavu zinaanguka moja moja. Hapa hapana. Mwili ulifunikwa mapema, na nyama ilipooza ndani ya udongo, udongo ukaingia taratibu mahali palipokuwa na mapafu na tumbo. Hata kemikali za udongo wa lile shimo zilionyesha kwamba mwili ulioza humo humo.

Halafu mtulinga, ule mfupa unaouhisi chini ya shingo ukielekea begani. Wa kulia ulikuwa umegeukia ndani, pamoja na mbavu mbili za juu. Mifupa hukaa hivyo bega likiwa limebanwa. Watafiti wakaona inalingana na mwili uliofungwa kwa kitu, ngozi au majani, kitu kilichooza kikapotea. Na kichwa kilikuwa kimeinama kwa namna inayotokea pale kitu kilichokuwa chini yake kinapooza na kuacha nafasi. Mto. Mtu alimwekea mtoto mto.

Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani. Mnaojua kulaza watoto nyumbani hamhitaji daktari awaelezee.

Hayo yote, blanketi na mto, hayakuachwa kama vitu. Hakuna uzi hata mmoja. Yamesomwa kutoka kwenye pembe ambayo mfupa mmoja mwembamba ulikaa. Pigo moja la sururu pale, hata bila kuvunja fuvu, hata bila kupoteza jino, tungebaki na sentensi moja: mabaki ya mtoto yamepatikana pangoni. Tusingejua kwamba kuna mtu alimfunika.

Na uzuri wa skana hauishii Kilifi. Kumbuka ile mizigo ya mianzi ya Tendaguru. Berlin wana mingine ambayo haikuwahi kufunguliwa tangu ifike, zaidi ya miaka mia. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kuipitisha baadhi kwenye skana ya hospitali, wakaona mifupa ndani yake bila kukata fungo hata moja. Kwa mara nyingine walichokiona hakikuwa mifupa peke yake. Ule ufungaji wenyewe, jinsi mianzi ilivyopangwa, umekuwa sasa nao kitu cha historia. Kazi ya wale vibarua imekuwa kitu cha kuchunguzwa, pamoja na dinosaria walichokifunga.

Sasa niseme linaloniuma.

Jiwe la Dzitsoni ni chokaa ya enzi ya Jurasi, sakafu ya bahari ya zaidi ya miaka milioni 160. Maji ya mvua yanaila chokaa polepole, ndiyo maana ina mapango. Chokaa hiyohiyo ndiyo saruji. Kaunti yetu inachimbwa kwa ajili ya saruji, kokoto na mawe ya kujengea, na vifaa vya kazi hiyo ni vikali kuliko chochote kilichowahi kugusa ardhi hii: baruti, tingatinga, nyundo za mashine zinazopasua mwamba mchana kutwa. Kwa hivyo katika ukanda mmoja tuna watu wanaokwangua milimita kwa mwiko na watu wanaobomoa ukubwa wa nyumba kwa mlipuko mmoja. Wa pili wako wengi zaidi, na hawapumziki.

Sitaki kujifanya. Nyumba ninayoandikia posti hii ni ya mawe ya timbo na juu yake saruji. Mjomba wangu amekata mawe kwenye timbo huku Kilifi tangu kabla sijazaliwa, upande wa matumbawe karibu na bahari. Amesomesha watoto kwa mtaimbo na sururu kabla msumeno wa mashine haujafika. Nilimsomea habari ya Mtoto, akanyamaza, akasema, "Sisi tumekuta vitu, mpwa wangu. Makombe makubwa, meno ya papa, siku moja mfupa mrefu."

Nikamuuliza waliufanya nini.

"Ulikuwa ndani ya jiwe. Jiwe lilikuwa limeshauzwa."

Na hapo sina la kumlaumu. Analipwa kwa jiwe, halipwi kwa mfupa. Mengi ya matumbawe hayo anayokata yalikuwa hai baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, kabla Mtoto hajazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kwenda kwenye timbo lao kuwaambia hivyo. Kule Tendaguru vibarua walifundishwa ndani ya misimu michache tu, wakawa mafundi wa kutofautisha mfupa na jiwe. Kamoya Kimeu hakuanza na shahada. Jicho linafundishika. Kilifi tuna mamia ya vijana wanaoutazama ndani ya mwamba kila siku kuliko profesa yeyote, na tunawachukulia kama ni misuli tu.

Sheria tunazo. Kabla ya machimbo kufunguliwa lazima ufanyike ukaguzi wa athari kwa mazingira, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayekuta kitu cha kale kuripoti. Lakini sheria inamsubiri mtu atambue alichokikuta. Pango dogo likifunguka usoni mwa machimbo, lenye udongo mwekundu umejaa ndani, dereva wa tingatinga anaona uchafu wa kuondoa ili afikie jiwe safi. Ule udongo ndio wenyewe. Panga ya Saidi yote ni udongo wa namna hiyo: shanga ya kombe la baharini ya zaidi ya miaka 60,000, shanga za ganda la yai la mbuni, vijiwe vya kukatia vilivyoanza kuwa vidogo na vikali zaidi miaka kama 67,000 iliyopita, na chini yake Mtoto.

Kama ningekuwa na sauti kwenye kaunti ningeomba kitu kidogo sana. Kila timbo na kila machimbo, watu wawili, waliochaguliwa na wenzao, wapelekwe siku tatu pale Panga ya Saidi na makavazini wakashike mwiko. Wakae wakiangalia udongo mpaka waone duara. Na mwenye timbo asipoteze pesa akisimamisha kona moja ya machimbo kwa wiki moja, kwa sababu bila hilo mengine yote ni porojo, kila mfupa utakuwa jiwe lililoshauzwa.

Wakati tunasubiri hayo, wadau wangu wa Kilifi, Malindi, Kaloleni, Ganze, mliopo kwenye mawe au mnaochimba vyoo na visima huko nyumbani: mkikuta mfupa uliogeuka mzito kama jiwe, au jino, au duara la udongo wa rangi nyingine ndani ya udongo, simamisheni chuma. Msiuchomoe, msiuoshe, msimwage maji. Weka sarafu au kiberiti kando yake upate ukubwa, piga picha ya karibu, halafu piga ya mbali inayoonyesha mahali penyewe. Ufunikeni tena kwa udongo uleule na gunia juu. Halafu mtu mmoja aende makavazi ya Malindi au Gede na hiyo simu.